Katika Kinywa cha Mkasi

Katika mji wetu watu waliacha kuulizana umri. Waliulizana siku. Ukikutana na mtu njiani, ukaona macho yamemwiva na kifua kinapanda kwa shida, hukumuuliza anaitwa nani wala anatoka wapi. Ulimuuliza, "Una siku ngapi?" Akijibu, "Mbili," ulimtazama kama unavyomtazama mtoto mchanga. Akijibu, "Tisa," uliinamisha uso. Siku zilihesabiwa tangu homa iingie mwilini, na kabla ya homa hapakuwa na kalenda. Babu wa miaka sabini alikuwa na siku moja. Mjukuu wake alikuwa na siku nane, na kwa hiyo mjukuu alikuwa mkubwa kuliko babu, na alipopita babu alimpisha. Saa za ukutani ziliendelea kuzunguka, lakini hakuna aliyezitazama. Nilikuwa nikijiuliza kama wakati ni kitu kilichopo, au ni jina tu la umbali uliobaki kati ya mtu na kitanda chake cha mwisho.

Mimi naitwa Sikudhani. Ni mkemia. Jina nilipewa na baba, ambaye hakudhani mama angepata mtoto baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa. Miaka miwili baadaye akaja mdogo wangu, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba watoto wawili wa ghafla hawawezi kuwa wa mzee yule. Baba akamwita Semeni. Yaani semeni mnachotaka. Nililelewa karibu na jina hilo kama mtu anayelelewa karibu na moto. Mimi ndiye niliyesoma, yeye ndiye aliyekuwa jasiri.

Semeni alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chini ya kilima, na maabara yetu ilikuwa juu ya kilima, jengo la ghorofa moja lenye wafanyakazi tisa na paa linalovuja upande wa magharibi. Kila mchana nilishuka kula kwake. Ni yeye aliyenilazimisha kueleza kazi yangu kwa maneno yanayoeleweka, maana alisema mtu asiyeweza kumweleza mdogo wake anachofanya huenda hafanyi kitu.

Nikamweleza. Nilisema virusi vya korona havina mikono, havina tumbo, havina hata pumzi. Ni karatasi ya amri iliyotiwa ndani ya bahasha yenye miiba. Bahasha inapenya ndani ya chembe ya mwili wako, inafunguka, na karatasi inawaangukia mafundi wa mwili wako. Hao mafundi wamezoea kusoma amri na kuzitengeneza. Wanaisoma na hiyo.

"Hawaulizi imetoka kwa nani?" Semeni alisema.

"Hawaulizi."

"Mafundi wapumbavu."

"Si wapumbavu. Ni watiifu."

"Ndicho nilichosema."

Nikaendelea. Nilisema wanachokitengeneza ni kama utepe mmoja mrefu, na ndani ya utepe huo mna vifaa vyote ambavyo virusi vinahitaji ili vijinakili, ila vimeshikana kimoja kwa kingine, havifai kitu. Lazima utepe ukatwe. Ukishakatwa, kila kipande kinajikunja, kinakuwa kifaa, na kazi ya kunakili inaanza. Anayekata ni mkasi, kitu ambacho sisi tunakiita kimeng'enya. Na mkasi wenyewe uko ndani ya utepe uleule.

Semeni aliacha kutafuna. "Mkasi umeshonwa ndani ya nguo?"

"Umeshonwa ndani ya nguo. Kwanza unajikata wenyewe utoke, halafu unageuka kukata vilivyobaki, mahali kumi na moja, kwenye alama yake maalumu. Na mwili wetu una mikasi mingi, lakini hauna mkasi unaokata kwenye alama ile."

"Kwa hiyo ukiuharibu huo, huniharibii mimi."

"Hapo ndipo nilipo."

Alichukua mkasi wake mkubwa mweusi, akaupanua mbele ya uso wangu. "Watu wanafikiri mkasi unashindwa na nguo nzito," alisema. "Hapana. Unashindwa na kitu kidogo kinachokaa hapa ndani, kwenye kona, pale meno yanapokutana. Kikishika hapo, huwezi kufunga, huwezi kukata. Lakini kiwe na umbo la hapo. Kikiwa kikubwa hakiingii, kikiwa kidogo kinaanguka."

Nilikuwa nimetumia miaka mitatu na vitabu vingi kufika mahali alipofika yeye kwa sahani moja ya wali. Tulikuwa tunatafuta kitu kidogo kinachofanana na ile sehemu ya utepe inayokatwa, ili mkasi ukifungulie kinywa, lakini chenye ndoano ya kushika meno yakishafika. Tulitengeneza molekuli moja baada ya nyingine na kuzipa namba. Ya kwanza haikuingia. Ya arobaini iliingia ikateleza. Ya mia mbili na sita ilishika vizuri lakini tumbo la panya liliiyeyusha kabla haijafika popote. Namba mia tatu na kumi na mbili iliingia, ikakaa, ikashika, na mkasi ukabaki wazi kama kinywa cha mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Siku hiyo mkurugenzi wetu, Bwana Mwinchande, aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka mapema.

"Sikudhani," alisema, "nimesoma ripoti yako. Hongera. Lakini huko kwa wenye uwezo wameshatengeneza dawa ya namna hii, tena wana viwanda. Tusubiri. Tutaletewa."

"Lini?"

"Zamu yetu ikifika."

"Na zamu hupangwa na nani, mzee?"

Alitazama dirishani. "Si swali la kemia hilo."

Nimelifikiri sana jibu lake. Kuna amri ambazo hazina mwenyewe. Hakuna aliyeandika kwamba sisi tukae chini ya kilima cha dunia tukiangalia juu, mikono imekunjuliwa, tukisubiri kuletewa pumzi. Tuliikuta imebandikwa, tukaisoma, tukaanza kuishona. Tumeishona vizuri. Tumekuwa hodari wa kusubiri hata tukawafundisha watoto. Na nguvu yote ya amri ile iko kwenye vidole vyetu wenyewe, maana yenyewe ni karatasi, na karatasi haiwezi hata kujiinua kutoka sakafuni.

Nilimwambia Bwana Mwinchande kwamba nimesubiri kuletewa vitu tangu nizaliwe, na safari hii nimechelewa kidogo kwenye foleni kwa sababu nilikuwa na kazi. Alicheka, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha akatia sahihi ili tuijaribu kwa wagonjwa. Alisema majaribio yafanyike kwa watu wachache, chini ya daktari, na lawama zote zitakuwa zangu.

Daktari alikuwa Ngwali, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Aliendesha wodi ya homa, vitanda sabini katika jengo lililokuwa ghala la pamba. Alikubali kwa masharti yake. Nusu ya wagonjwa wangepewa vidonge vya mia tatu na kumi na mbili. Nusu wangepewa vidonge vya chaki, vyenye rangi ileile na ladha ileile. Mgonjwa asijue, muuguzi asijue, yeye daktari asijue, mimi nisijue. Orodha ilifungiwa ndani ya sanduku la chuma. Na wote wawe na siku tano au pungufu. Nilikubali sharti hilo bila kubishana, kwa sababu mimi ndiye niliyelipendekeza. Mkasi unazuiwa mapema. Utepe ukishakatwa, vifaa vikishatoka na virusi vikishajinakili kwa mamilioni, kinachomuua mgonjwa huwa si virusi tena bali vurugu ya mwili wake mwenyewe, na hapo kuuziba mkasi ni kufunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Ni mimi niliyeandika hivyo kwenye karatasi. Siku tano. Niliandika kwa kalamu ya bluu.

Wiki mbili baadaye Semeni aliletwa wodini kwenye mkokoteni wa mbao. Alikuwa ameificha homa. Mtaa mzima ulimwagiza barakoa, naye alikaa kwenye cherehani akikohoa huku akinitumia salamu kwamba ana kazi nyingi, nisishuke kula. Nilimkuta kitanda cha tisa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Una siku ngapi?" nilimuuliza.

"Usiniulize kama mpita njia."

"Semeni. Una siku ngapi?"

"Tisa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mfukoni nilikuwa na vidonge kumi vya kweli, nilivyovichukua mwenyewe maabara kabla ya kuja, bila kumwambia mtu. Nilivitoa.

Aliviangalia, akaniangalia. Semeni hakusoma kemia lakini alinisoma mimi. "Hivyo ndivyo?" alisema.

"Ndivyo."

"Vinafaa kwa mtu wa siku tisa?"

Niligeuka kuchukua kikombe cha maji.

"Dada, nakuuliza wewe uliyevitengeneza."

"Huenda visidhuru."

"Sikuuliza hilo." Alivuta pumzi mara tatu ili apate ya kusemea. "Mkasi wangu umeshakata. Nguo iko mezani vipande vipande. Unataka kuutia pini sasa ili iweje? Ili ulale vizuri?"

"Nataka ufanye kitu. Nataka nifanye kitu."

"Mpe wa siku ya pili." Alikifunga kiganja changu juu ya vidonge, na vidole vyake vilikuwa na nguvu bado, vidole vya fundi. "Kuna mtu huko nje ana siku ya pili na anadhani ni mafua. Mtafute huyo umpe. Usinipotezee mimi dawa kwa sababu ya mapenzi."

Nilimchukia kwa muda wa pumzi moja. Kisha nilirudisha vidonge mfukoni, na baadaye maabara, nikavihesabu mbele ya Ngwali na kumweleza nilichotaka kufanya. Hakunilaumu. Alisema kila daktari ana kitu alichowahi kukitia mfukoni.

Siku iliyofuata niliamka na koo linalowasha. Kesho yake viungo viliuma. Basi mtu wa siku ya pili alikuwa mimi.

Niliomba kuingia kwenye majaribio, Ngwali alikataa. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Huwezi kuwa ndani ya hesabu."

"Niweke nje ya hesabu. Lakini nipe chupa kutoka kwenye sanduku kama wengine, kwa kura kama wengine. Sitaki upendeleo. Sitaki chupa ya kweli kwa sababu naijua njia ya maabara."

"Na ukipata chaki?"

"Nitapata chaki."

"Kwa nini, Sikudhani? Unaweza kujitengenezea."

Nilimwambia kwamba nimewaomba watu themanini na mmoja wameze wasichokijua. Nilitaka kujua wanamezaje. Alinitazama kwa muda, akaenda kwenye sanduku, akarudi na chupa yenye herufi mbili na namba. Wakanilaza kitanda cha kumi. Kati yangu na mdogo wangu palikuwa na pazia la kijani, na nilisikia mashine yake ya oksijeni ikivuta na kusukuma, kama mtu wa tatu anayelala kati yetu.

Siku ya nne homa ilinichukua.

Sikumbuki mlango. Nilikuwa ndani tu, katika ukumbi usio na mwisho, wenye mwanga wa adhuhuri lakini hauna jua. Maelfu ya wanawake walikaa kwenye viti vifupi wakisuka. Nilimsogelea wa kwanza kumsalimia, akainua uso, na uso ulikuwa wangu. Wa pili pia. Wote. Hapo nilielewa nilipo, kama unavyoielewa nyumba uliyozaliwa hata ukiletwa umefungwa macho. Nilikuwa ndani yangu mwenyewe, na hawa walikuwa mafundi wangu.

Ukutani palibandikwa karatasi ndefu yenye maandishi ya mkono ambao haukuwa wangu. Walikuwa wakiitazama na kusuka, wakiitazama na kusuka, na kutoka mikononi mwao utepe mweupe ulitiririka hadi sakafuni.

"Nani aliibandika?" nilimuuliza yule wa kwanza.

"Tuliikuta."

"Mnaifuata kwa nini?"

Alinionea huruma kidogo. "Imeandikwa," alisema.

Kisha utepe ukajinyonga. Sehemu moja ya katikati ilijikunja, ikakaza, na kutoka ndani ya mkunjo ule meno mawili yakafumbuka. Yakauma huku, yakauma huku, na kitu kikaanguka kutoka kwenye utepe kikasimama. Kilijikata kikajizaa. Mkasi ulikuwa mrefu kuliko mimi na haukuwa na uso, lakini ulikuwa na sauti, na sauti yake haikuwa ya ukatili hata kidogo. Ilikuwa sauti ya karani.

"Pisha," ulisema. "Nina kazi."

"Kazi ya nani?"

"Kazi."

"Ukimaliza kukata, mafundi wangu hawa watakuwa nini?"

"Sijui. Mimi nakata kwenye alama. Yanayofuata ni ya wengine."

Nilitamani uwe na chuki. Mtu anaweza kubishana na chuki. Lakini huwezi kubishana na kitu ambacho ni tendo tupu, kisicho na moyo nyuma ya tendo. Na hapo nililiona swali langu la miaka yote limesimama mbele yangu likiwa na meno: nini humfanya mtu awe mtu, kama si kule kuweza kukataa? Mafundi wangu walikuwa na uso, nao hawakukataa. Mkasi ulikuwa na akili ya kutosha kuitambua alama yake kati ya alama elfu, nao haukukataa. Katika ukumbi mzima hapakuwa na hapana hata moja. Kulikuwa na kazi tu, kazi safi, kazi nzuri, na mwisho wa kazi hiyo nilikuwa nikifa.

Basi niliingia kinywani.

Nilikijua kinywa kile. Nilikuwa nimekichora mara mia tatu na kumi na mbili. Nilijua pale panapokaa bega, pale goti linapopinda, lile shimo dogo la kushoto linalotaka kitu kipana na laini, na ile kona yenye kidole kimoja kinachonuka kiberiti, ambacho ndicho kinachokata. Nilikunja mwili wangu ukawa umbo la alama. Mkasi ukanitambua kama unavyotambua kazi. Ukafunguka zaidi ukanipokea. Kidole cha kiberiti kikaja kwenye ubavu wangu, taratibu, kwa mazoea ya maelfu ya mikato.

Utepe ukiguswa na kidole kile hukatika. Mimi nilikishika.

Mkasi ulisita. "Umekwisha?" uliuliza.

"Sijakwisha."

"Toka basi."

"Sitoki."

"Mimi nina alama nyingine za kukata."

"Najua. Ndiyo maana sitoki."

Ukatikisika. Nilihisi meno yakitafuta nafasi ya kukutana na kunikuta mimi kila mahali. Nafanana na kinachokatika. Ndiyo sababu umenifungulia. Lakini sikatiki. Sina nguvu kukushinda, sikuja kukuvunja. Nimekuja kukaa. Vuta. Sitoki. Nimekaa mahali pa kazi yako na kazi yako haina mahali pengine. Vuta tena. Watu wangu wamekaliwa vinywani siku nyingi, leo nimekaa mimi. Sitoki. Sitoki.

"Utachoka," mkasi ulisema.

"Nitachokea humu."

"Iko mikasi mingine."

"Iite."

Utepe uliendelea kutiririka, lakini haukukatwa. Ulijaa sakafuni, ukapanda magotini mwa mafundi, ukawafunga viwiko. Mwanamke wa kwanza, yule niliyemwuliza, alijaribu kuusukuma kwa mguu. Akaunyanyua, akaugeuza huku na huku, akautazama kwa mara ya kwanza.

"Hiki ni kitu gani?" aliuliza.

Jirani yake akasema, "Sijui. Tunakitengeneza."

"Cha nini?"

Yule wa kwanza akaweka chini sindano yake, akasimama, akajinyoosha mgongo kwa mikono yote miwili kama afanyavyo mtu baada ya kuvuna. Mwingine akasimama. Karatasi ilibaki ukutani. Haikufutika wala haikukasirika. Iliendelea kuamuru, na ukumbi ukawa unasikia maneno yake bila kuyafanya, na nilishangaa jinsi amri inavyofanana na ukuta wenyewe pale isipopata vidole.

Nilipofumbua macho Ngwali alikuwa amekaa kando yangu. Pazia la kijani lilikuwa limefunguliwa. Kitanda cha tisa kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

"Lini?" nilisema.

"Juzi. Saa nne asubuhi. Ulikuwa huwezi kuamshwa, nilijaribu." Alikunja mikono. "Aliuliza kama unakula. Nikamwambia unakula."

"Nilikuwa nakula?"

"Hapana."

Sikulia mbele yake. Nililia siku ya tatu baada ya hapo, dukani kwa Semeni, nilipokuta barakoa kumi na nne zimekatwa lakini hazijashonwa.

Nilipopata nguvu za kutembea tulifungua sanduku la chuma. Ngwali alisoma, mimi niliandika. Waliopewa mia tatu na kumi na mbili walikuwa arobaini na mmoja, na kati yao wawili tu walihitaji oksijeni. Waliopewa chaki walikuwa arobaini, na kumi na mmoja walihitaji oksijeni, na watano walifariki. Tulirudia hesabu mara tatu. Kisha Ngwali akafika chini ya ukurasa, kwenye jina lililo nje ya hesabu, akaweka kidole chini yake.

"Sema," nilimwambia.

"Chaki."

Nilicheka hadi akaniletea maji. Nilikuwa nimekaa katika kinywa cha mkasi kwa siku mbili, nimeshika kidole cha kiberiti, nimekataa kutoka, na tumboni mwangu mlikuwa na chokaa ya kuandikia ubaoni. Nilipona kama wengine walivyopona, kwa bahati na kwa damu. Homa iliniambia nilichotaka kusikia. Ndiyo maana tunaweka chaki ndani ya chupa, nilimwambia Ngwali. Si kwa kuwadanganya wagonjwa. Ni kwa kujikinga na ndoto za watu kama mimi. Lakini wale arobaini na mmoja hawakuota. Ndani yao, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, kitu kidogo kisicho na jina ila namba kiliingia kinywani mara bilioni na bilioni, kikashika, hakikuachia. Hakikujua kwamba kinakataa. Mimi najua. Basi kujua huko kuna deni lake, nalo ni la kulipwa kwa miguu.

Barua ya Bwana Mwinchande ilikuja asubuhi ya Jumatatu. Alitupongeza. Alisema dawa iliyopo inatosha watu mia sita tu, na kwamba kwa kuzingatia utu, wapewe waliozidiwa peke yao, walio kwenye oksijeni, kwa kuwa wao ndio wenye shida kubwa. Mtu yeyote asiyelazwa asipewe.

Niliisoma mara mbili. Ilikuwa barua yenye huruma, na ingeua watu. Nilimpigia.

"Mzee, hao umewachelewea. Dawa hii ni ya mtu anayeweza bado kusimama."

"Nitawaambiaje ndugu za wagonjwa kwamba tunawapa wanaotembea, tunawanyima wanaokata roho?"

"Utawaambia kama mdogo wangu alivyoniambia mimi."

Alikuwa amekuja kumzika Semeni, alimjua. "Agizo limeshatoka, Sikudhani," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Limeandikwa."

Nilikata simu. Niliiweka barua mezani, nikaiwekea kikombe juu ili isipeperuke, maana sikuwa na ugomvi nayo. Nikachukua boksi la kwanza. Ngwali alinitazama kutoka mlangoni.

"Unajua wanaweza kukufunga," alisema.

"Najua."

"Na huwezi kumpa mtu dawa hii bila kumuuliza anameza nini kingine. Baadhi ya dawa za moyo zinagombana nayo. Wewe hujui kuuliza hayo."

"Sijui."

Alivua koti jeupe, akalikunja, akachukua mkoba wake na boksi la pili.

Tulishuka ngazi tukavuka uwanja. Getini alikuwapo askari mmoja kijana aitwaye Shamte, ambaye tulikuwa tukisalimiana kila siku bila kusema zaidi. Alisimama mbele yetu.

"Mama, boksi hizo zina kibali?"

"Hazina."

Alimtazama Ngwali, akatazama jengo nyuma yetu, kisha akatazama boksi nililolikumbatia. Alikuwa na ufunguo mkononi na hakuusogeza.

"Ni ile dawa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wanasema ni ya waliozidiwa."

"Wanakosea."

"Mama yangu ameanza kukohoa," alisema. "Jana jioni. Yeye anasema ni vumbi."

Nilimwona kwa mara ya kwanza alivyokuwa kijana.

"Ana siku moja," nilimwambia. "Fungua geti, utuoneshe nyumba."